Mjadala: Je, Watoto wa Sekondari Msingi Wakusanye Data za Vijiji Vyetu?

MWALIMU: Katika Hisabati ya Gredi ya 7 tunamfundisha mtoto kukusanya data, kuzipanga katika jedwali na kuzichorea grafu. Lakini data anazokutana nazo kitabuni ni za mtu asiyemjua, aliyeuza machungwa katika soko lisilo na jina. Hazina pengo wala kosa, na hakuna aliyelowa akizitafuta. Mtoto anapata alama zote bila kujua kwamba kila namba anayoiona gazetini au kwenye simu ilipimwa na mtu, mahali fulani, saa fulani, kwa chombo fulani, na kwamba mtu huyo angeweza kukosea au hata kudanganya. Nataka wanafunzi wetu, kuanzia Litein kule Kericho hadi Longisa kule Bomet, wapime mvua, joto, kina cha mto na siku za mvua ya mawe, kisha waingize vipimo hivyo katika hifadhidata ya shule ambayo wanaokuja nyuma yao wataiendeleza. Sekondari Msingi ilipoanza Januari 2023 iliwekwa ndani ya shule za msingi, kwa hiyo leo iko karibu kila kijiji. Hakuna idara ya serikali wala kampuni yenye macho mengi kiasi hicho katika milima hii.

MZAZI: Mwalimu, hakuna mzazi anayekataa mwanawe aelimike. Ila mtaala huu umetuzoesha kudaiwa. Leo ni manila, kesho ni picha za kuchapishwa, keshokutwa ni kifaa kinachotengenezwa usiku na mama huku mtoto amelala. Sasa mnaongeza kipimamvua. Shule yenyewe haina maabara, na mwaka wa 2024 walimu wa Sekondari Msingi waliokuwa wakifanya kazi kwa mkataba wa mafunzo waligoma wakidai ajira ya kudumu. Mwalimu asiyejua atakuwa wapi mwakani ataanzishaje rekodi ya miaka kumi? Tena mvua ya Kericho haikosi wapimaji. Makampuni ya chai yako hapa tangu miaka ya 1920. Taasisi ya utafiti wa chai iko Timbilil, na idara ya hali ya hewa ina kituo chake. Wenye vyombo bora wanapima. Mtoto wangu, ambaye jioni anateka maji na Jumamosi anachuma chai, anaongeza nini?

MWALIMU: Anaongeza mahali, mama. Chukua mvua ya mawe. Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi, kwa sababu upepo unaotoka Ziwa Viktoria hupanda milima hii mchana ukakutana na upepo wa mashariki, na mawingu yakajengeka hadi juu sana. Mawe hayo huangukia ukanda mwembamba. Yanaweza kuchana majani ya chai kwenye mlima mmoja, na ng'ambo ya bonde jua likawa linawaka. Kituo kimoja Timbilil, hata kiwe na chombo cha bei gani, hakiwezi kujua kilichotokea Boito au Mogogosiek kule Bomet. Shule inaweza. Kinachohitajika ni kipande cha povu gumu linalofungiwa redio madukani, kikafunikwa kwa karatasi ya alumini na kuwekwa uwanjani. Kila jiwe linaacha shimo, na mtoto anahesabu mashimo na kupima upana wake. Kipimamvua ni chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka, iliyokatwa shingo, pamoja na rula. Milimita moja ya maji ndani yake ni lita moja iliyoangukia kila mita mraba ya shamba lako. Mzazi hatanunua chochote.

MTAKWIMU: Naunga mkono nia ya mwalimu, lakini nina hofu ambayo pengine ni kubwa kuliko ya mama. Data mbaya ni hatari kuliko kukosa data, kwa sababu asiye na data huuliza, na mwenye data mbaya hujibu kwa ujasiri. Mfano uko hapa hapa Kericho. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Simon Hay na wenzake uliotazama sehemu nne za nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwemo, na kusema kwamba malaria imeongezeka huko bila hali ya hewa kubadilika kwa kiwango cha kuaminika. Hitimisho hilo lilizua ubishi wa miaka mingi. Data za hali ya hewa walizotumia zilikuwa makadirio yaliyounganishwa kutoka vituo vilivyo mbalimbali, si usomaji wa kipimajoto cha Kericho chenyewe. Mwaka 2006 Mercedes Pascual na wenzake walizirudia kwa njia nyingine na kuona joto limepanda. Ndipo mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake wakarudi kwenye usomaji wa kila siku wa kituo cha Kericho, wakaukagua, na kukuta joto limekuwa likipanda kwa takribani nyuzi 0.2 kila miaka kumi. Wasomi wa mabara mawili walibishana kwa karibu muongo mzima, na shauri lilitegemea kama mtu fulani alikuwa akisoma kipimajoto sawasawa kila siku. Sasa niambieni, mtoto wa miaka 13 atakabidhiwa kazi hiyo?

MWALIMU: Mfano huo nauchukua mimi, maana unanitetea. Umeonyesha kwamba kilichokosekana si kompyuta wala msomi. Kilichohitajika ni rekodi ya kila siku kutoka mahali penyewe, na kazi ya kuitunza haihitaji shahada. Inahitaji mtu anayefika saa ileile, anayesoma bila kuinamisha chombo, anayeandika alichokiona na si alichotarajia. Tabia hizo hufundishika vizuri zaidi katika umri wa miaka 12 hadi 14, kabla mtu hajazoea kubuni namba ili kumpendeza mwalimu. Na kama ni ushahidi kwamba watu wasio wataalamu wanaweza, tazama mto Sondu, ambao maji yake yanatoka msitu wa Mau na kupitia Kericho na Bomet. Watafiti walisimika vipimo vya kina cha maji katika bonde la mto huo, wakaweka vibao vya maelezo, na kuwaomba wapita njia watume usomaji kwa ujumbe wa simu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika mwaka wa kwanza wananchi zaidi ya 100 walituma vipimo vilivyokubalika zaidi ya 1,000, na vilipolinganishwa na chombo cha kujiendesha vilikaribiana vizuri. Hao walikuwa watu waliosimama dakika moja kando ya mto.

MTAKWIMU: Useme na nusu ya pili. Wengi walituma mara moja au mbili wakanyamaza, na sehemu kubwa ya rekodi ilibebwa na wachache. Shule ina tatizo baya zaidi, ambalo ni kalenda. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi kila siku, Jumapili ikiwemo. Shule hufungwa Jumamosi na Jumapili, na hufungwa Aprili, mwezi ambao masika yamekolea. Jumatatu mtoto atakuta maji ya siku tatu ndani ya chupa. Akiyaandika kama mvua ya Jumatatu, na wikendi akaijazia sufuri, hifadhidata yenu itatangaza kwamba Mungu huwanyeshea watu wa Bomet Jumatatu na kuwanyima Jumapili. Na mtu akiitazama miaka 20 baadaye hatajua kwamba ni kalenda ya shule anayoiona. Hili halirekebishiki baadaye. Mvua ambayo haikupimwa siku yake imekwenda.

MWALIMU: Basi hilo ndilo liwe somo la kwanza, hata kabla ya somo la kompyuta. Sufuri maana yake nilitazama na hapakuwa na kitu. Nafasi tupu maana yake sikutazama. Mtoto akielewa tofauti hiyo ameelewa jambo ambalo watu wazima wengi wanaojaza fomu maofisini hawalielewi. Maji ya Jumatatu yataandikwa kama jumla ya siku tatu, na safu moja ya jedwali itasema hivyo. Kila mstari utabeba tarehe, saa, mahali, chombo, kipimo na namba ya aliyepima. Kosa halitafutwa kwa kifutio. Litapigwa mstari mmoja na kuandikwa sahihi pembeni, ili alama ya kosa ibaki. Wanafunzi wawili watasoma chupa moja bila kuambiana, na tofauti zao zitaandikwa pia. Wakati wa likizo watapokezana wanaoishi karibu na lango, na siku ikikosa mtu itaachwa wazi. Hifadhidata yenye mapengo yaliyokiriwa ina faida. Ni ile iliyojazwa ili ipendeze ndiyo inayodhuru, na hapo nakubaliana nawe kabisa. Wala hatutakuwa wa kwanza kujaribu. Mpango wa GLOBE, uliotangazwa na Al Gore, Makamu wa Rais wa Marekani wakati huo, tarehe 22 Aprili 1994, umewaunganisha wanafunzi wa nchi nyingi, Kenya ikiwemo, wanaopima mazingira kwa kanuni moja na kuweka vipimo katika hifadhidata moja. Mtandao wa vituo vya hali ya hewa wa TAHMO nao umeweka vyombo vyake vingi katika viwanja vya shule barani Afrika, kwa sababu shuleni kuna ua na kuna watu wa kuvitazama.

MZAZI: Nyinyi wawili mnazungumza mvua tu, na mimi nawauliza kwa nini. Mnapima mvua kwa sababu haina mwenyewe wa kukasirika. Ukiniambia mtoto ajifunze kukusanya data za maisha halisi, maisha halisi ya nyumba yangu ni kilo. Kilo za chai nilizochuma, kilo zilizosomwa katika kituo cha kununulia majani, kilo zilizokatwa kwa ajili ya gunia na unyevu, bei ya mwezi na bonasi ya mwaka. Hayo ndiyo yanayolipa karo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu ni risiti inayotolewa na mizani ya anayenunua. Wenye mashamba makubwa wanajua kila kichaka chao kilitoa nini. Mkulima mdogo mwenye ekari moja hana chake cha kulinganisha. Kama kweli mnataka hifadhidata, wapeni watoto mizani. Wapime gunia nyumbani, wapime tena kituoni, waandike tofauti. Kwa kila shule ya Kericho na Bomet. Hapo mtoto atakuwa amejifunza, na mzazi atakuwa amepata kitu mkononi.

MWALIMU: Hapo mama umenifikisha mahali pagumu, na sitajificha. Hizo ndizo data zenye thamani kuliko zote. Lakini fikiria tunamweka mtoto katika nafasi gani. Anasimama mbele ya karani wa kituo na daftari, na alichoandika kinasema karani ameiba. Karani huyo huenda ni mjomba wake, huenda ni jirani, na huenda hajaiba. Mambo ya chai katika kaunti hizi mbili yana joto. Mei 2023 mashine za kuchumia zilichomwa moto hapa Kericho. Siwezi kumtuma mtoto wa miaka 13 akawe shahidi katika ugomvi ambao watu wazima wenye vyama na mawakili wameshindwa kuumaliza.

MZAZI: Kwa hiyo apime kisichomuuma mtu. Huo si uaminifu mnaosema mnamfundisha.

MTAKWIMU: Mama, ngoja niingilie kwa upande wa kipimo, kwa sababu hata tukiweka hofu kando, daftari hilo lingekudanganya. Jani bichi la chai karibu robo tatu yake au zaidi ni maji, ndiyo maana kilo nne hadi tano za majani hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Maji hayo huanza kutoka mara jani linapochumwa. Gunia ulilopima saa sita nyumbani na kulifikisha kituoni saa kumi litakuwa limepungua hata kama mizani zote mbili ni za haki. Limepungua kiasi gani? Inategemea jua, upepo, lilivyoshindiliwa, na kama asubuhi lilikuwa na umande. Tena mizani ya springi ya dukani yenyewe haijakaguliwa. Sheria ya vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ithibitishwe na afisa wa vipimo, na hiyo ya nyumbani haijathibitishwa na mtu. Watoto wangekusanya tofauti elfu moja, na kila tofauti ingekuwa na sababu kadhaa ndani yake zisizotenganishika. Wakili wa upande wa pili angeliangusha daftari hilo kabla ya saa sita mchana.

MZAZI: Basi watenganisheni hizo sababu. Si ndiyo elimu? Mmeniambia jani linapoteza maji, nami nalijua hilo kwa mkono wangu kabla hamjazaliwa. Lakini kila nikiuliza kwa nini kilo zimepungua naambiwa ni maji, na hakuna aliyewahi kunionyesha ni maji kiasi gani. Jibu hilo limekuwa mlango wa kutokea kwa kila anayeulizwa.

MWALIMU: Hilo tunaweza. Na nakiri kwamba ni bora kuliko nilichokuja nacho. Wanafunzi wachume kilo mbili za majani mawili na chipukizi katika shamba la shule au la mzazi aliyekubali, wazigawe katika mafungu, wayapime kila nusu saa: moja kivulini ndani ya kapu, moja juani, moja katika gunia lililoshindiliwa, moja likiwa na umande. Warudie siku ya jua na siku ya mawingu, msimu huu na ule. Mizani iwe moja, na kila mara kabla ya kupima iwekewe jiwe la mizani ambalo uzito wake umethibitishwa na ofisi ya vipimo, ili tujue imepotoka au la. Baada ya mwaka shule itakuwa na jedwali linalosema gunia lililokaa saa mbili kivulini hupoteza kati ya kiasi hiki na kile. Halimtaji karani wala kituo. Lakini anayekuambia kilo zako ni maji atalazimika kujibu jedwali. Kumsimamia karani ni kazi ya mkulima mtu mzima na afisa wa vipimo. Kujua jani linafanya nini ni kazi ambayo mtoto anaweza kuifanya vizuri na kwa usalama.

MTAKWIMU: Nalikubali, kwa sharti moja. Msitafute jibu mnalolitaka. Ikionekana kwamba majani hupoteza uzito mwingi kuliko mama anavyoamini, jedwali lisomwe vivyo hivyo. Mwanafunzi akigundua kwamba wazazi wanataka namba fulani, atawapa. Hilo ndilo jaribu kubwa kuliko chupa iliyoinama.

MZAZI: Lisomwe. Nimeishi na tuhuma miaka mingi, nitaweza kuishi na namba. Lakini nami nina masharti, na hayahusu mizani. Mmezungumza juu ya mvua, mto na majani. Nani amezungumza juu ya watu? Kesho atakuja mtu na mradi, aseme hawa watoto wamezoea kukusanya data, basi waulize nyumbani wana ng'ombe wangapi, baba anapata bonasi kiasi gani, nani mgonjwa. Mtoto haulizi maana, anajaza. Na mlango wa nyumba yangu utakuwa umefunguliwa kutoka ndani.

MWALIMU: Sheria iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inakataza kuchakata data binafsi za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na hata idhini ikiwepo, lazima iwe kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Si maandishi matupu. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa KSh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Kwa hiyo katika hifadhidata yetu hakutakuwa na jina la mtoto, bali namba. Hakutakuwa na swali lolote kuhusu kaya.

MZAZI: Shule ile ilitozwa baada ya picha kutoka, na faini haikuzirudisha. Mimi sitaki kulipwa, nataka isitokee. Tena angalia kilichotokea Longisa mwaka 2011, pale ugonjwa unaoua mahindi ulipogunduliwa nchini kwa mara ya kwanza. Mahindi yalikauka shambani kwetu, sampuli zikachukuliwa, wasomi wakaandika, na jina la Bomet likaingia katika vitabu vya dunia. Habari iliondoka hapa haraka. Kurudi kwake kulichelewa, na wengi waliendelea kupanda wakingoja kuambiwa wapande nini. Ndiyo maana siulizi kama mwanangu anaweza kupima. Nauliza anampimia nani.

MWALIMU: Sema unachotaka kiandikwe.

MZAZI: Kiandikwe katika kumbukumbu za bodi ya shule, si kwa mdomo. Kwanza, daftari la karatasi ndilo asili na linakaa shuleni. Kompyuta ni nakala, hata ikiharibika au mwalimu akihamishwa. Pili, matokeo yote, ya mvua, ya mto na ya majani, yasomwe katika mkutano wa wazazi kila muhula, kwa Kiswahili na Kipsigis, kabla hayajatumwa kwa chuo, kampuni au ofisi yoyote. Tatu, mtu wa nje akitaka nakala aje aombe mbele yetu, aseme atafanyia nini na lini atarudisha alichokipata. Nne, mtoto asiulizwe wala asiulize habari za nyumba ya mtu. Na tano, asipimiwe alama kwa namba nzuri. Apimiwe kwa rekodi safi, hata ikiwa na mapengo. Mkiandika hayo, kwa mvua, mto na jaribio la majani leteni fomu nitie sahihi. Kwa kilo za kituoni, sisi wazazi tutanunua jiwe lililothibitishwa na kwenda na afisa wa vipimo wenyewe, na tunaomba mwalimu atufundishe kujaza jedwali.